Foreman wa 1973 dhidi ya Tyson wa 1988: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kutabiri pambano lisilowahi kupigwa

Ubishi wa George Foreman na Mike Tyson haujawahi kuisha Dar es Salaam. Uko kwenye vijiwe vya kahawa Magomeni, uko kwenye kambi za ngumi za Manzese na Keko, na kila likipita pambano kubwa la uzito wa juu unaamka upya. Wenyewe hawakuwahi kukutana, ingawa mnamo Juni 16, 1990 walipanda ulingo mmoja usiku mmoja mjini Las Vegas, kila mtu na mpinzani wake: Foreman alimmaliza Adilson Rodrigues raundi ya pili, Tyson akammaliza Henry Tillman raundi ya kwanza. Hapa tunajibu maswali yanayorudi mara nyingi, na tunaonyesha hesabu ili asiyekubaliana nasi ajue pa kutukosoa.

Kwa kifupi, nani anashinda?

Foreman, kwa asilimia 57 dhidi ya 43, na mara nyingi kabla raundi ya sita haijaisha. Asilimia 57 si ushindi wa mteremko. Maana yake ni kwamba wangezipiga mara 100, Tyson angeondoka na mikanda mara 43. Anayesema Foreman anamlaza Tyson raundi ya pili na hakuna mjadala amebeba kichwani kipande kimoja cha video ya Kingston, Jamaika, ambako Foreman alimpiga Joe Frazier mwaka 1973. Anayesema Tyson anamaliza kazi kwa sekunde 91 amebeba kile cha Tyson akimpiga Michael Spinks mwaka 1988. Wote wawili wameona kitu cha kweli, ila wameona nusu yake.

Kwa nini lazima mtaje mwaka?

Kwa sababu bondia hupitia miili mingi katika maisha yake ya ulingoni. Tyson wa Juni 27, 1988, siku aliyompiga Spinks huko Atlantic City, alikuwa na miaka 21, mapambano 34 bila kupoteza na ushindi 30 wa kabla ya kengele ya mwisho (KO), na mwalimu wake Kevin Rooney alikuwa bado kwenye kona yake. Tyson aliyelala mbele ya Buster Douglas Tokyo, Februari 11, 1990, alikuwa na jina lile lile, lakini kichwa chake kilikuwa kimeacha kucheza na ngumi zilikuwa zinatoka moja moja. Foreman naye ni hivyo hivyo. Wa Januari 22, 1973, siku aliyompiga Frazier, alikuwa na miaka 24, mapambano 37, ushindi 37, KO 34. Aliyerudi ulingoni mwaka 1987 baada ya miaka kumi nje alikuwa mzito zaidi, mpole zaidi, na mwenye akili zaidi ya kutunza pumzi.

Ukisikia watu wawili wanabishana nusu saa bila kuelewana, waulize kila mmoja anamzungumzia Foreman wa mwaka gani. Mara nyingi ubishi unaishia hapo.

Pambano linachezwa kwa sheria zipi?

Hizi ndizo tunazotumia: raundi 12 za dakika tatu, glavu za aunsi 10, ulingo wenye mita 6.1 kila upande ndani ya kamba, majaji watatu wanaotoa pointi 10 kwa mshindi wa raundi, na hakuna sheria ya kusimamisha pambano mtu akianguka mara tatu katika raundi moja.

Kila kimoja kina uzito wake. Mwaka 1973 mapambano ya ubingwa yalikuwa ya raundi 15, na zilianza kupunguzwa kuwa 12 mwaka 1983, kwa WBC, mojawapo ya mashirika ya ubingwa wa dunia, kwanza. Sheria ya kuanguka mara tatu nayo si ndogo: Kingston, Joe Frazier aliangushwa mara tatu raundi ya kwanza na mara tatu raundi ya pili. Ingekuwa inatumika siku ile, kazi ingeishia raundi ya kwanza. Ukiiweka kwenye pambano letu, unampa faida kidogo anayeanza kwa kasi zaidi, yaani Tyson.

Vipimo vya miili vinasemaje?

Uzito karibu unalingana, jambo ambalo wengi hawalitegemei. Foreman alipima takriban kilo 98.7 kwa ajili ya Frazier, na Tyson takriban kilo 99 kwa ajili ya Spinks. Tofauti iko kwenye mifupa. Foreman ana sentimita 191 za urefu, Tyson 178. Kwa urefu wa mikono iliyonyooshwa, Foreman anakaribia mita mbili, Tyson ana sentimita 180.

Kilo 99 zilizobanwa kwenye mwili wa sentimita 178 maana yake ni shingo nene, mapaja mazito na kitovu cha uzito kilicho chini. Mtu wa namna hiyo hasukumwi kirahisi. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Foreman alimwangusha Frazier mara sita. Tyson ni Frazier mfupi zaidi. Si habari imekwisha?

Hii ndiyo hoja kuu ya upande wa Foreman, na sisi tulio upande huo huo tunasema ina matobo matatu makubwa.

La kwanza ni mwendo wa kichwa. Frazier alikuwa anazama na kuibuka, anazama na kuibuka, huku anakwenda mbele kwa mdundo unaosomeka. Foreman aliusoma. Kila Frazier alipozama, apakati ya mkono wa kulia, ile ngumi inayopanda kutoka chini kwenda kidevuni, ilimkuta njiani akirudi juu. Tyson wa 1988 anahamisha kichwa pembeni kwanza, kushoto na kulia, mikono ikiwa imeshikana na mashavu, na anaingia kwa hatua fupi ya haraka badala ya kutembea. Apakati inayomngoja katikati inaweza ikapita hewani. Na ikipita hewani, mbavu za Foreman zimebaki wazi upande wa kulia.

La pili ni mikono. Frazier alikuwa na silaha moja ya kutisha, ngumi ya kuzungusha ya mkono wa kushoto. Foreman alijua aangalie wapi. Tyson anaua kwa mikono yote miwili, na anazipanga: kulia mbavuni, kulia hiyo hiyo kidevuni kwa apakati, kisha kushoto kwa kuzungusha. Kumzuia mtu wa mkono mmoja na kumzuia mtu wa mikono miwili ni kazi mbili tofauti.

La tatu ni mwanzo wa pambano. Frazier alikuwa injini inayochelewa kupata moto, na siku ile hakuwa yule wa Machi 1971 aliyempiga Muhammad Ali. Tangu usiku ule alikuwa ametetea mkanda mara mbili tu, dhidi ya Terry Daniels na Ron Stander, wapinzani wepesi. Tyson kengele ikilia anakuwa yuko kwenye kasi yake ya juu kabisa.

Kwa hiyo kwa nini bado tunampa Foreman? Kwa sababu tatizo la msingi halibadiliki. Mtu mfupi lazima aingie ndani ili apige, na njia ya kuingia inapita mbele ya mikono mizito kuliko yote iliyowahi kukutana na mabondia wa aina hiyo. Tyson anaipita njia hiyo vizuri kuliko Frazier. Lakini lazima aipite kila anapotaka kupiga, na akikosea mara moja tu inatosha.

Foreman alikuwa anasukuma sana. Si rafu hiyo?

Ni rafu, na ndiyo silaha isiyozungumzwa vya kutosha katika pambano hili. Tazama video ya Kingston uangalie mikono yake wakati hapigi. Anainyoosha yote miwili, viganja vinagusa mabega au glavu za mpinzani, anasukuma. Frazier anarudi nusu hatua, miguu inaachana, na kabla hajaikusanya ngumi imeshafika. Msukumo ule hautafuti kuumiza. Unatafuta umbali, ule ambao mikono mirefu inafika na mifupi haifiki.

Mwamuzi ana uhuru mkubwa hapa. Mmoja ataonya mara moja raundi ya kwanza na kuendelea. Mwingine ataonya, ataonya tena, kisha atakata pointi raundi ya tatu. Tukijua mwamuzi ni wa aina ya pili, tunahamisha pointi 6 kwenda kwa Tyson na pambano linakuwa 51 kwa 49. Hakuna kitu kingine nje ya mabondia wenyewe kinachohamisha utabiri wetu kiasi hicho.

Na hapa ndipo kitovu cha uzito cha Tyson kinapoingia. Frazier alisukumika. Tyson atasukumika pia, lakini kwa umbali mdogo zaidi, na atarudi haraka zaidi. Tunadhani msukumo uliompa Foreman nafasi kumi dhidi ya Frazier utampa kama sita dhidi ya Tyson. Ni kadirio letu la macho.

Tyson alishawahi kupambana na mtu mrefu anayepiga namna hiyo?

Warefu, ndiyo. Tyrell Biggs alisimamishwa raundi ya saba Oktoba 1987. Tony Tucker alifika raundi zote 12 Agosti 1987. Larry Holmes alilazwa raundi ya nne Januari 1988, ingawa alikuwa ametoka kwenye mapumziko ya karibu miaka miwili.

Wapigaji wa daraja la Foreman, hapana. James Smith, aliyeitwa mvunja mifupa, alikuwa na nguvu za kweli, lakini Machi 1987 alitumia raundi 12 akimkumbatia Tyson badala ya kumpiga. Pambano la kutazama kwa makini ni la Tucker. Katika raundi ya kwanza apakati yake ya kushoto ilimpata Tyson akiingia na kumrudisha nyuma. Hakuanguka, na hadi wakati huo hakuwa ameanguka kama bondia wa kulipwa. Ila sasa tunajua apakati inampata. Tucker alikuwa mpigaji mzuri. Foreman ni ngazi kadhaa juu yake.

Hapo hapo kuna sifa ya Tyson isiyosemwa: alikuwa na kidevu kigumu sana. Hata usiku wa Douglas alikula ngumi nyingi safi kwa raundi kumi kabla ya kulala.

Ali alimchosha Foreman Kinshasa. Kwa nini Tyson asifanye hivyo?

Kwa sababu mtindo wa Tyson hauruhusu. Oktoba 30, 1974 Muhammad Ali aliegemea kamba, akaziba mbavu na uso, akamkumbatia Foreman shingoni na kumwegemea kwa uzito wake, na kila Foreman alipolegea alichomeka ngumi mbili tatu zilizonyooka. Pambano lilianza saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa, ambayo kwetu Dar ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, kwenye joto na unyevu. Raundi ya nane Foreman alikuwa amekauka, akalamba sakafu. Kazi hiyo inahitaji mtu mrefu, mwenye mikono ya kufunga shingo, mwenye subira ya kupigwa kwa dakika ishirini. Tyson hana hata kimoja katika hivyo, na hakuwahi kupigana akirudi nyuma.

Lakini somo la Kinshasa lina sehemu ya pili ambayo inamsaidia Tyson. Pumzi ya Foreman ilikuwa na mwisho. Mapambano yake matatu ya ubingwa kabla ya Ali, dhidi ya Frazier, Roman na Norton, yalichukua jumla ya raundi tano. Alikuwa amezoea kwenda nyumbani mapema, na anarusha kila ngumi kama ndiyo ya mwisho. Gregorio Peralta, mwepesi na mwenye umri mkubwa, alimpeleka raundi kumi mwaka 1970. Kwa hiyo Tyson akiwa bado amesimama vizuri mwisho wa raundi ya sita, upepo unageuka.

Tyson mwenyewe si mtu wa raundi za mwisho, ieleweke. Alizimaliza, lakini baada ya raundi ya sita ngumi zake zilipungua na alikubali kukumbatiwa. Tofauti ni kwamba alipungua bila kuzimika.

Mnaonaje raundi zenyewe?

Raundi ya kwanza ndiyo ya hatari kubwa kwa wote. Tyson anaanza mbele, anapokea jabu mbili (ngumi zilizonyooka za mkono wa mbele) za Foreman kwenye paji la uso, na jabu ya Foreman ni nzito kama mkono wa nyuma wa mabondia wengine. Anaingia ndani mara mbili au tatu. Akipata mbavu kisha kidevu katika mfululizo mmoja, Foreman anayumba, maana ulinzi wake ulikuwa wazi siku zote. Ron Lyle alimwangusha mara mbili katika raundi moja Januari 1976. Lakini usisahau kilichofuata: Foreman aliinuka akammaliza Lyle raundi ya tano. Kumwangusha na kummaliza ni vitu viwili.

Raundi ya pili hadi ya nne ndipo tunapoona Foreman anapata alichokitafuta. Amesukuma, Tyson amekasirika, kichwa kimeanza kuingia katika mstari mmoja. Apakati inampata. Tyson hatalala kwa moja. Atarudi mbele, kwa sababu ndicho anachokijua, na kurudi mbele ndiko kunakomgharimu.

Raundi ya saba kwenda mbele tunamwona Tyson kama mtu mwenye nafasi zaidi.

Hizo asilimia mnazipataje?

Hatuanzi na 57. Tunaanza na vipande vidogo, kisha tunajumlisha.

Ushindi wa KO au wa mwamuzi kusimamisha ndani ya raundi tatu za kwanza: Foreman 32, Tyson 22. Raundi ya nne hadi ya sita: Foreman 17, Tyson 8. Raundi ya saba hadi ya 12: Foreman 5, Tyson 6. Kwa pointi: Foreman 3, Tyson 7. Jumla ya Foreman ni 57, ya Tyson ni 43, na zote pamoja ni 100. Namba hizi ni makadirio yetu baada ya kutazama mapambano. Hazikutoka kwenye mashine wala kwenye kitabu cha takwimu.

Faida ya kukata vipande ni kwamba unaweza kujikagua. Jumlisha kila kinachotokea baada ya raundi ya sita: Foreman 8, Tyson 13, jumla 21. Gawanya 13 kwa 21 unapata kama asilimia 62. Yaani tunasema pambano likivuka raundi ya sita, Tyson ndiye mwenye nafasi kubwa. Je, tunaamini hivyo? Ndiyo, kwa sababu ya pumzi. Kama jibu lingekuwa hapana, tungerudi kurekebisha vipande. Mtu anayetaja asilimia moja tu ya jumla hana namna ya kugundua kwamba namba zake zinapingana na maneno yake.

Kosa la kawaida hapa ni kusahau ushindi wa pointi. Watu wanagawa KO zote, wanafika 100, kumbe hawakuacha nafasi ya kengele ya mwisho. Hata kwa wapigaji hawa tumeacha 10. Kati ya ushindi 34 wa Tyson kabla ya Spinks, minne ilikuwa ya pointi: Tillis, Green, Smith na Tucker. Ya Foreman kabla ya Frazier ilikuwa mitatu.

Nikitaka kutabiri pambano jingine mwenyewe, nianzie wapi?

Andika kwanza tarehe ya kila bondia na sheria, kama tulivyofanya juu. Usitazame video yoyote kabla ya hapo, maana ukishaona KO nzuri utachagua tarehe ya kuipendelea.

Kisha chagua mapambano matatu kamili kwa kila bondia, yote ndani ya miezi 18 ya tarehe uliyochagua. Moja liwe ushindi rahisi, moja liwe dhidi ya mtu anayefanana kwa umbo na mpinzani wako wa kufikirika, na moja liwe lile alilotaabika zaidi. Hilo la tatu ndilo lenye thamani. Ukimtazama Tyson akimpiga Spinks unajifunza kidogo sana, maana Spinks alipanda ulingoni akiwa ameshapigwa na hofu. Ukimtazama na Tucker unajifunza mengi.

Chukua karatasi, gawa safu nne: nani alipiga kwanza katika kila mgongano, nani alirudi nyuma, ngumi gani ilifika safi, na nini kilitokea sekunde tano baada ya kupigwa vizuri. Hiyo safu ya nne wengi hawaijazi, na ndiyo inayoonyesha bondia halisi. Yupo anayekumbatia, yupo anayekimbia, yupo anayerudisha hapo hapo akiwa hana ulinzi. Jaza kwa kila raundi, kwa mwendo wa kawaida kwanza, halafu kwa nusu mwendo sehemu za ngumi safi.

Zima sauti. Mtangazaji anapiga kelele kwa ngumi zilizogonga glavu na ananyamaza kwa zile za mbavuni, na masikio yako yatamfuata bila wewe kujua.

Ukishamaliza ndipo uandike vipande vya asilimia, na karibu na kila kimoja sababu ya mstari mmoja. Kipande kisicho na sababu kifute.

Video fupi fupi za mtandaoni hazitoshi?

Hazitoshi. Zimekatwa ili kila ngumi ifike. Foreman akikosa mara nane na kupata ya tisa, utaoneshwa ya tisa. Tafuta pambano zima, na kama bando linakusumbua pakua usiku au ukiwa kwenye Wi-Fi, utalihitaji zaidi ya mara moja. Angalia pia kama nakala ya zamani inakimbia: pima raundi kwa saa ya simu. Ikiwa dakika tatu zinaisha kwa dakika mbili na nusu, mabondia wote wa video hiyo wataonekana wepesi kuliko walivyokuwa.

Kompyuta haiwezi kutoa jibu la haki zaidi?

Imeshajaribiwa. Mwaka 1969 Rocky Marciano na Muhammad Ali walirekodi pambano la kuigiza, na mwisho wake ukaelezwa kuwa umeamuliwa na kompyuta. Lilipooneshwa kwenye kumbi za sinema Januari 1970, Marciano alishinda kwa KO raundi ya 13. Mwenyewe alikuwa ameshafariki Agosti 31, 1969, kwa ajali ya ndege. Kompyuta hutoa kilichowekwa ndani yake. Ukiipa "nguvu 95, kasi 80" bila kujua 95 imetoka wapi, umerudisha maoni yako mwenyewe yakiwa yamevaa suti.

Michezo ya ngumi ya kwenye simu na pleisteshini ndiyo kabisa usiitumie. Imetengenezwa mchezaji afurahi.

Odi zinanisaidia kutabiri?

Kwa mapambano ya kweli, sana. Gawa 1 kwa odi unapata nafasi ambayo kampuni imekupa. Odi 1.40 ni asilimia 71.4, odi 2.90 ni asilimia 34.5. Ukijumlisha unapata 105.9, na ile 5.9 ya ziada ndiyo riziki ya kampuni. Gawa kila namba kwa 105.9 ili upate nafasi halisi: 67.4 na 32.6. Linganisha na zako. Ukitofautiana kwa pointi 20, mara nyingi kuna kitu hukijui, kama jeraha au kubadilishwa kwa mwalimu.

Kwa pambano letu la kufikirika, 57 ni sawa na odi 1.75 na 43 ni 2.33. Hakuna mkeka halali wa kuweka juu yake, kwa sababu hakuna matokeo. Mtu akikufuata kwenye kundi la simu akitaka dau la "Foreman na Tyson" kwa mchezo wa kuigiza anaoumiliki yeye, kataa. Kampuni za kubashiri zinasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania na umri wa chini ni miaka 18. Na hata kwenye halali, usiweke pesa ya kodi wala ada ya mtoto juu ya taya la mtu mwingine.

Kama mambo ya kushangaza hutokea, utabiri una faida gani?

Douglas alikuwa na 42 kwa 1 dhidi ya Tyson, sawa na nafasi ya asilimia 2.3. Alishinda. Septemba 8, 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alikwenda Birmingham kupambana na Sam Eggington, ambako wenyeji hawakumjua, akamsimamisha raundi ya pili. Mambo haya hayafuti utabiri. Yanafuta ile tabia ya kusema asilimia 100.

Kuna namna rahisi ya kujipima kwa mapambano ya kweli. Andika asilimia yako kama desimali kabla ya kengele. Mtu wako akishinda, toa namba hiyo kutoka 1 kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Akipoteza, zidisha namba hiyo yenyewe kwa yenyewe. Ulisema 0.70 akashinda: 0.3 mara 0.3 ni 0.09. Ulisema 0.70 akapoteza: 0.49. Ulisema 0.95 akapoteza: 0.90. Ndogo ndiyo nzuri. Anayesema 0.50 siku zote anapata 0.25 siku zote, kwa hiyo wastani wako ukizidi 0.25 baada ya mapambano ishirini, unajiamini kupita unavyojua. Fanya hivi kwa ngumi za hapa Dar, kila usiku wa mapambano, na wapeni marafiki watatu daftari moja. Ndani ya mwaka mtajua nani wa kusikilizwa kijiweni.

Kwa nini hamkumchagua Ali?

Ali dhidi ya Tyson ni swali rahisi zaidi kuliko linavyoonekana, na linaharibiwa na mapenzi. Ali anapendwa hapa. Februari 1980 alikuja Dar es Salaam mwenyewe, ametumwa na Rais Carter kuomba Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere hakumpokea. Watu wengi wanampa ushindi kabla hawajapima chochote. Ukipima Ali wa 1966 bado anashinda, kwa miguu, kwa jabu, na kwa kumfunga shingo Tyson kila anapoingia. Tunampa zaidi ya 65.

Na Foreman mzee dhidi ya Tyson wa miaka ya 1990?

Hilo tunampa Foreman kwa uhakika mkubwa kuliko la 1973. Foreman mzee hakupoteza pumzi kwa ngumi za hasira, alisimama wima nyuma ya jabu na kuvuka mikono mbele ya uso, na Novemba 5, 1994, akiwa na miaka 45, alimlaza Michael Moorer raundi ya kumi baada ya kupigwa pambano zima. Tyson wa wakati huo alikuwa amepoteza mwendo wa kichwa, na bila mwendo wa kichwa mtu wa sentimita 178 anakuwa amesimama mbele ya jabu hiyo bila mlango. 70 kwa 30.